Begi mgongoni bonde la ufa: magofu ya Engaruka mpaka maji moto ya Natron

MpitaBonde (mleta uzi)

Wakuu kwema? Naona kila sikukuu ikikaribia nyuzi za "wapi pa kwenda" zinajaa na majibu ni yale yale, Zanzibar, Chemka, Bagamoyo, na ukitaja magofu mtu anawaza Kilwa tu. Sina ugomvi na sehemu hizo, ni nzuri na ziende watu. Ila kuna njia moja naipenda kuliko zote nchi hii, nimeirudia na nitairudia tena Mungu akinipa uzima. Unatoka Mto wa Mbu unaambaa na ukuta wa bonde la ufa kwenda kaskazini, unapita magofu ya Engaruka, unaendelea mpaka kijiji cha Ngare Sero chini ya Ol Doinyo Lengai, ule mlima wa volkano, unamalizia kwenye chemchemi za maji moto pembeni ya Ziwa Natron. Begi mgongoni, basi la abiria pale lilipo, bodaboda pale basi limeshapita, kwingine kote miguu.

Mto wa Mbu kufika ni rahisi, magari ya Karatu kutoka Arusha yanapita hapo siku nzima, unashuka sokoni unakula ndizi zao nyekundu unajaza maji. Kuanzia hapo lami ya Karatu unaiacha unashika kaskazini kuelekea Selela. Ule ukuta wa bonde unakuwa mkono wako wa kushoto safari nzima, na naomba mwenye kwenda aukumbuke huo ukuta maana kila kitu nitakachosema kinatoka kwake. Juu kule ni nyanda za Ngorongoro, kuna msitu, kuna ukungu, mvua inanyesha. Chini bondeni unapotembea wewe ni migunga na vumbi la kijivu la volkano, mvua ni ya kubahatisha. Maji ya juu yanateremka kwenye makorongo machache tu na yanapotokeza ndipo watu walipokaa, zamani na leo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa njia hii nzima ni mmoja, fuata maji. Mtu akienda Engaruka anatafuta majumba na minara atarudi amenuna. Akienda anatafuta maji yalikuwa yanapita wapi, atakaa pale mpaka giza limkute.

Naendelea chini.

MpitaBonde (mleta uzi)

ENGARUKA

Mto Engaruka unatoka kwenye korongo lake pale Engaruka Juu na una maji mpaka kiangazi. Magofu yako hapo hapo ubavuni mwa kijiji, yanaanzia chini ya mlima yanatandaa kuelekea tambarare. Kuanzia karne ya 15 hadi ya 18 kulikuwa na watu wanalima hapa kwa kumwagilia, eneo la kama hekta 2,000, na walifanya kwa mawe matupu, hakuna chokaa hakuna udongo wa kugandishia, jiwe juu ya jiwe. Mlimani kuna vijiji saba, nyumba zilikaa kwenye ngazi walizokata na kuziwekea ukuta wa mawe kwa mbele ili udongo usiteremke. Chini ya vijiji ndio mashamba yenyewe, yamegawanywa vipande vidogo vidogo, kila kipande kimezungushiwa mstari wa mawe na kusawazishwa, na kati yake inapita mifereji. Waliochimba pale wameokota mbegu za mtama na mifupa ya ng'ombe na mbuzi, na kuna mazizi ya mawe katikati ya mashamba.

Wazungu wameanza kuandika kuhusu hapa muda mrefu, Mjerumani Gustav Fischer alipita 1883, Louis Leakey akaja 1935, Hamo Sassoon akachimba miaka ya 1960, John Sutton naye akaandika sana baada yake. Zamani kulikuwa na stori za "mji uliopotea", mara maelfu ya watu waliotoweka usiku mmoja, mara taifa la ajabu limetoka Misri. Hizo stori mimi zinaniumiza kwa kweli. Haukuwa mji na hawakutoka Misri, ni wakulima wa hapa hapa Afrika Mashariki waliojua kuyaongoza maji kwenye mteremko kwa ustadi ambao hata leo fundi wa mfereji ataheshimu. Sasa ukimwita mkulima wako mgeni wa ajabu ndio unamsifu au unamnyang'anya kazi yake?

Pale kijijini tafuta muongozaji wa kijiji, ni vijana na wazee wanaoyajua mawe yale toka wanachunga mbuzi utotoni. Lipia kiingilio dai risiti, na beba kitambulisho chako cha NIDA maana bei ya mwananchi na ya mgeni hazifanani.

Kamanda Mteule

Mkuu mleta uzi heshima yako, ila mimi nilipelekwa pale na kampuni fulani ya utalii, tukashushwa kwenye gari saa saba mchana jua la kufa mtu, tukaonyeshwa mawe, mbuzi wanapita juu yake, tukaambiwa haya ndio magofu, dakika ishirini tukapakiwa tukaondoka. Kwa kweli sikuona kitu. Kilwa unaona msikiti, una kuba, unaona nguzo, hata mtoto anaelewa. Pale niliona kama mtu kaokota mawe kayarundika.

MpitaBonde (mleta uzi)

Kamanda nakuelewa na sikulaumu hata kidogo, saa saba mchana hata mimi nisingeona. Jua likiwa utosini mawe yote ya Engaruka yana rangi moja na ardhi. Ukirudi (na ninakuomba urudi) fika jioni kuanzia saa kumi au asubuhi mapema kabla jua halijapanda. Jua likilala kila mstari wa mawe unatoa kivuli na shamba lote linajichora mbele yako, vipande vinaonekana kimoja baada ya kingine mpaka macho yanachoka.

Halafu usianzie katikati ya mashamba, anzia juu karibu na korongo. Mwambie muongozaji akuonyeshe mfereji mmoja tu. Utaona mistari miwili ya mawe inakwenda sambamba, katikati pamejaa udongo na nyasi. Ufuate kwenda chini taratibu. Utaona haushuki moja kwa moja, unaambaa na mlima, unashuka kidogo sana kiasi kwamba kwa macho unadhani ni tambarare, maana maji yakikimbia yanabomoa na yakisimama yanatuama, inabidi yatembee. Kisha unafika mahali mfereji unagawanyika, na kuanzia hapo kuna matawi yanaingia mashambani. Chuchumaa hapo. Angalia jiwe lililowekwa kwenye kona, limechaguliwa, upande wake bapa umegeuzwa ndani kwenye maji. Mtu alilishika jiwe hilo akaligeuza mpaka likakaa, na halijatikisika mpaka leo pamoja na mbuzi wote hao.

Na yale marundo uliyoona, mengi ni mawe waliyoyatoa shambani ili wapate kulima, wakayapanga pembeni badala ya kuyatupa hovyo.

Kitu kingine ambacho mimi kilinibadilisha kabisa, watafiti wa miaka ya karibuni wakiwemo Daryl Stump na wenzake wamechimba ndani ya vile vipande wakakuta udongo wa baadhi ya mashamba haukuwepo pale mwanzo. Uliletwa na maji. Yaani walijenga ukuta mfupi, wakafungulia maji yenye tope kutoka korongoni, tope likatuama nyuma ya ukuta, wakaongeza mawe, wakafungulia tena, mpaka wakapata shamba. Wametengeneza ardhi ya kulima kwenye sehemu ya mawe! Hiyo ndio sababu nasema Kilwa na Engaruka usizipime kwa kipimo kimoja. Kilwa ni ya wafanyabiashara na masultani, imeingia urithi wa dunia toka 1981 na inastahili. Engaruka ni ya mkulima, na mkulima hajengi kuba.

Binti Sale

Asante sana mleta uzi, nimesoma nimesisimkwa. Mimi ni wa Loliondo upande wa Sale, kabila letu ni Watemi (wengi mnatuita Wasonjo). Nataka niongeze kwamba kumwagilia kwa namna hiyo sio jambo la kale tu, kwetu mifereji ipo na inafanya kazi na kuna wazee wanaitwa wenamiji ndio wenye mamlaka ya maji, wao ndio wanapanga zamu nani afungulie lini, na mfereji ukiharibika watu wanaitwa kuutengeneza. Ukivunja utaratibu unatozwa. Nimekua nikiona baba anaamka usiku kwenda kushika zamu yake.

Wazee wetu wanasimulia kwamba sehemu ya watu wetu walitokea huko chini. Nilipopelekwa Engaruka mara ya kwanza nilishtuka, nilijiona nimesimama kwenye shamba la nyumbani ambalo limekauka. Mnaoijua Samunge kwa ajili ya kikombe cha babu ile 2011, mjue mlipita katikati ya mashamba haya haya na mifereji hii hii, sijui kama kuna aliyeangalia pembeni maana foleni ya magari ilikuwa kubwa.

MpitaBonde (mleta uzi)

Dada yangu Binti Sale hapo umeleta kitu cha thamani kuliko nilichoandika chote. Ndio, wataalamu wengi wanaowatafuta wenyeji wa Engaruka wanaangalia kwenu Watemi kwanza, wengine wanawataja pia Wairaqw wa kule Mbulu. Na kwa nini waliondoka hoja hazijaisha, kuna wanaosema maji yalipungua makorongoni, kuna wanaosema ardhi ilichoka, kuna wanaosema ni ujio wa Wamaasai na mifugo yao. Mimi nikisimama pale naona kama vyote vinaweza kuwa vilisukumana, maji yakipungua kidogo tu shamba lililotegemea mfereji mmoja linakufa na watu wanakwenda maji yaliko.

Na watu wasidhani pamekufa. Mto ni ule ule, na wakulima wa Engaruka ya leo wanamwagilia mahindi na maharage kwa mifereji kutoka mto huo huo, kuna zamu na kuna ugomvi wa zamu. Ukimaliza magofu pitia mashambani ukae na mzee mmoja akueleze maji yanavyogawanywa, ni nusu ya ziara.

Mtoto wa Mutrah

Assalaam alaykum ndugu zangu, nawasoma kutoka Muscat. Sisi Waswahili wa huku Oman mada hii imetugusa maana nchi hii mambo yake yote ni ngome na falaj (mifereji ya kale ya maji) na maji moto. Mji wa Rustaq ulikuwa makao makuu ya Ya'ariba, ukoo wa maimamu waliotawala Oman, tangu Imam Nasir bin Murshid 1624, ngome ipo, na dakika chache kutoka hapo kuna Ain al-Kasfah maji moto yanatoka yenyewe watu wanaoga wenye maradhi ya ngozi na viungo. Nakhal nayo ngome iko juu ya jabali na chini kuna Ain al-Thawarah, maji ya uvuguvugu yanapita chini ya mitende, Ijumaa familia zote ziko pale na mkeka na birika la chai.

Falaj ndio hiyo hiyo hesabu yenu ya Engaruka na Sale, maji yanaletwa kutoka mlimani kwa mfereji wenye mteremko mdogo, yanagawiwa kwa zamu, zamani zamu zinapimwa kwa kivuli cha jua mchana na nyota usiku. Aflaj (wingi wa falaj) tano zimeandikwa urithi wa dunia 2006. Nashauri hivi vitu vya Engaruka navyo vitunzwe kwa hadhi hiyo, msingoje viliwe na mbuzi.

MpitaBonde (mleta uzi)

Waalaykum salaam sheikh, umenipa hamu ya Rustaq. Hilo la kutunza nakubaliana nawe, na Konso kule Ethiopia ambao nao wana matuta ya mawe ya kulimia waliingizwa urithi wa dunia 2011, kwa hiyo njia ipo.

Sasa nisogee mbele, watu wanasubiri maji moto.

NGARE SERO NA NATRON

Kutoka Engaruka kwenda Ngare Sero ni kipande kirefu na kikavu, sikushauri ukitembee chote kwa miguu kama huna mwenyeji na punda wa kubeba maji. Kuna basi la Loliondo linapita. Dirishani unaona mlima Kerimasi, halafu Lengai inajitokeza yenyewe, mlima uliochongoka wenye michirizi myeupe ubavuni. Milima ya Ketumbeine na Gelai iko kulia. Njiani kuna Shimo la Mungu, shimo kubwa la duara katikati ya nyika, kama una usafiri wako simama uone.

Lengai ina urefu wa mita 2,962 na ndio volkano pekee duniani iliyo hai inayotoa lava ya aina yake, lava yenye magadi mengi, inatoka na joto la nyuzi 500 mpaka 600 hivi wakati lava za kawaida zinapita 1,000. Inatoka nyeusi na nyepesi inatiririka, ikikutana na unyevu inageuka nyeupe. Mlipuko mkubwa wa karibuni ulikuwa 2007 hadi 2008, majivu yakafika mbali mifugo ikahangaika. Wanaopanda wanaanza usiku wa manane ili wafike juu alfajiri kabla ya joto, ni mteremko mkali wa majivu, goti lako liwe zima.

Kijijini Ngare Sero kuna korongo la maporomoko, unapanda ndani ya maji baridi mpaka magotini, baada ya vumbi la njiani ni rehema tupu. Na kuna nyayo. Hizi zilionwa kwanza na mwenyeji Mmaasai, nyayo za binadamu zaidi ya 400 kwenye majivu ya volkano yaliyoganda, utafiti uliotoka 2016 ukaziweka kati ya miaka 19,100 na 5,760 iliyopita. Utafiti mwingine wa 2020 ukaangalia kundi moja la watu 17 waliokuwa wakitembea pamoja, ukaona wengi wao ni wanawake wazima, 14, na wanaume wachache. Huenda walikuwa wanakwenda kutafuta chakula pamoja na wanaume wamewasindikiza. Kidole gumba kinaonekana kilivyokandamiza, kisigino kilivyoteleza. Usikanyage hata ukiwa peku, simama pembeni.

Kilaka

Mkuu maji moto yenyewe sasa, mbona unatuzungusha 😀 Na je Chemka si ni maji moto pia? Karibu zaidi na Moshi.

MpitaBonde (mleta uzi)

Kilaka nakuja. Chemka (Kikuletwa) kule Rundugai ni pazuri, maji safi unaona mpaka chini, lakini sio maji moto, ni maji ya kawaida ya kuogelea. Ukiwa unatafuta joto la ardhini Chemka haikupi.

Natron maji moto yako pembeni ya ziwa, unatembea kutoka kijijini na muongozaji juu ya tambarare ya magadi. Ziwa lenyewe halina mto unaotoka, maji yanaingia tu (Ewaso Ng'iro kutoka Kenya na vijito na hizi chemchemi) kisha jua linayakausha, magadi yanabaki. Kina chake hakifiki hata mita tatu, na ukali wake wa magadi unapita pH 10. Hapo ndipo ule ukuta wa bonde unarudi kwenye stori. Mvua ya nyanda za juu sio yote inayoteremka korongoni, nyingine inazama kwenye nyufa za ukuta, inakwenda chini kabisa kwenye miamba ya moto, inapashwa, inayeyusha chumvi njiani, inapanda tena na kutokea pembeni ya ziwa. Yaani maji yaliyolima Engaruka na maji unayoogea Natron ni ndugu, mmoja alipita juu mwingine akapita chini.

Chemchemi yenyewe inatoka chini ya mawe meusi, haina kelele, inatoka tu na kutambaa kwenye kijito chembamba kuelekea ziwani. Pale inapotoka gusa kwanza kwa kidole maana baadhi ni za kuunguza, unashuka na kijito mpaka upate joto linalokufaa. Ukikaa ngozi inateleza kama umepaka sabuni, ni magadi hayo. Mawe yana utando wa kijani, na ndani ya maji hayo hayo ya uvuguvugu kuna visamaki vidogo urefu wa kidole, jamii ya perege, wanakula huo utando. Kaa kimya watakuja kwenye vidole vyako vya mguu. Hawa samaki ni wa huku tu, wamezoea joto na magadi ambayo perege wa Victoria asingemaliza saa moja. Wataalamu wanawaita Alcolapia. Ukitoka ukakauka unabaki na unga mweupe mikononi, jisuuze kwa maji baridi ya korongo.

Mambo ya kuangalia nayasema kwa mkazo. Maji yasiingie machoni. Kama una kidonda au umenyoa miguu juzi utalia. Usikae muda mrefu, joto la nje linapita nyuzi 40 mchana, nenda asubuhi. Usikanyage ukoko wa magadi ambao muongozaji hajaukanyaga, chini yake ni tope la moto. Na flamingo waacheni, flamingo wadogo wengi mno wa dunia hii, kama robo tatu yao, wanazaliwa kwenye ziwa hili moja, mtu akirusha drone juu ya viota anaweza akavuruga kizazi kizima.

Wa Kiserian

Sema wadau, mimi niko upande wa pili wa hiyo bonde, Kenya. Nyinyi mkitaka kuona dada yake Natron, kuna Ziwa Magadi. Unatoka Nairobi unapita Kiserian unateremka, njiani kuna Olorgesailie, kina Leakey walifanya kazi hapo miaka ya 1940, shoka za mawe zimelala chini vile ziliachwa, mingi sana, unatembea juu ya mbao unaziona tu hapo. Ni za kitambo kitambo, karibu miaka milioni moja. Halafu unaendelea mpaka Magadi town, unachukua kijana wa hapo anakupeleka hot springs upande wa chini wa ziwa. Watu wa Nairobi wanaendanga wikendi na baiskeli pia. Samaki wako hapo pia, binamu wa hao wako. Beba maji mob, hakuna kivuli.

Ziwa Bogoria nayo ni poa lakini hapo si ya kuoga, hiyo maji inachemka inaruka juu, watu wanachemshia mayai. Ziwa ilipanda miaka ya karibuni ikafunika zingine, bado zimebaki za kutosha.

MpitaBonde (mleta uzi)

Wa Kiserian asante kaka, Olorgesailie na Magadi kwa begi ni safari kamili, na ni ufa ule ule.

Mama Tanga Raha

Na sisi wa Tanga msitusahau jamani. Ukiwa huna nguvu za huko jangwani njoo huku, Tongoni iko barabara ya Pangani, msikiti wa kale na makaburi kama arobaini, mengine yana nguzo, baadhi nguzo zimeanguka, na maeneo hayo hayo ndio jahazi la Vasco da Gama, São Rafael, lilikwama kwenye mwamba 1498 wakalichoma mwaka uliofuata. Halafu upande wa pili wa mji mapango ya Amboni na maji moto ya kiberiti, unayanusa kabla hujayaona. Vyote unafika kwa daladala na bodaboda, jioni unakula samaki wa nazi.

Neema_Safarini

Mleta uzi swali langu ni la mwanamke anayesafiri peke yake. Inawezekana? Na maji ya kunywa na chaji ya simu inakuwaje? Na miezi gani?

MpitaBonde (mleta uzi)

Neema inawezekana na wapo wanaofanya. Ninachokushauri, fika kila kijiji mchana, shukia palipo na watu, na ulale kambi ya kijiji au nyumba ya wageni badala ya kuweka hema nyikani, fisi wapo na sio kwa kutishana. Muongozaji mchukue kupitia ofisi ya kijiji au kambini ili ajulikane ametumwa na nani, na bei mkubaliane kabla hamjaondoka. Ukikutana na wazee wa Kimaasai salimia kwa heshima kwanza ndio uulize njia, na picha usipige mtu bila kumwomba, hiyo inaharibu mambo haraka kuliko kitu chochote. Vaa nguo ya kukufunika, kwa jua na kwa heshima vile vile, hata kwenye maji moto kanga inatosha.

Mageti ya kulipia utakutana nayo zaidi ya moja kwa sababu unapita halmashauri tofauti, kila geti dai risiti na uitunze mpaka mwisho wa safari. Pesa beba taslimu ndogo ndogo. Maji usitegemee duka, kwa siku ya kutembea beba lita nne mpaka tano na chumvi ya kuongezea mwilini. Pawabenki mbili, kambini kuna sola, mtandao unakuja na kuondoka, pakua ramani kabisa ukiwa Arusha. Viatu vilivyofunika kifundo kwa ajili ya miiba, na kandambili za kuingilia majini.

Miezi ni Juni mpaka Oktoba. Machi mpaka Mei makorongo yanakata barabara, basi linaweza likalala upande mmoja na wewe upande mwingine. Basi la kurudi ulizia jioni ya kabla kwa wenye maduka barabarani, wao ndio wanajua kama dereva alipita kwenda Loliondo au ameharibikiwa, maana asiyepita kwenda hawezi kupita kurudi. Ukipanga tarehe nitumie ujumbe nikuelekeze mzee wa Engaruka anayeujua ule mfereji wa juu.